Plasta ya maumivu kwa kijana: kwanza ulizeni ndani yake kuna dawa gani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie swali tunalolisikia mara kwa mara kwenye dirisha la dawa: "Mnayo ile plasta ya maumivu ya mishipa ya fahamu?" Anayeuliza aghalabu ni mzazi wa kijana wa miaka 13, 15 au 17 ambaye amemeza parasetamoli na diklofenaki miezi mitatu au zaidi bila nafuu, analala vibaya na ameanza kukosa masomo. Kuuliza ni haki yake. Shida iko kwenye neno lenyewe. Plasta ni jina moja lililobeba dawa nne zisizo na undugu, na mojawapo inaweza kumwua mtoto.

Iliyozoeleka zaidi ni ile ya kuchua: mentholi, kafuri na methili salisileti, nyingine zimeongezwa pilipili kidogo. Huuzwa dukani na hata stendi. Inaleta ubaridi au joto juu ya ngozi na kumsahaulisha mtu msuli uliochoka, basi. Haitibu mshipa wa fahamu ulioumia. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za kuchua za aina hii zimewahi kuunguza ngozi, hasa zenye mentholi zaidi ya asilimia 3. Kwa kijana ambaye ngozi yake tayari inawaka moto ikiguswa na shuka tu, hiyo ni kumwongezea mateso.

Ya pili ni ya lidokaini ya asilimia 5, na ndiyo tutakayoizungumzia kwa urefu. Ya tatu ni ya kapsaisini ya asilimia 8, yaani kiini cha ukali wa pilipili, mikrogramu 640 katika kila sentimita mraba. Hiyo hubandikwa kliniki tu, dakika 30 miguuni au dakika 60 sehemu nyingine, na mhudumu aliyevaa glavu za naitrili, kwa sababu kapsaisini hupenya glavu za mpira wa kawaida. Shinikizo la damu huweza kupanda kwa muda kutokana na maumivu ya kubandikwa, kwa hiyo mgonjwa hupimwa wakati wote. Kibali chake ni cha watu wazima. Asije mtu akadhani kwamba kusaga pilipili na kuifunga kwa kitambaa ni kitu hichohicho. Matokeo yake ni ngozi iliyobabuka.

Ya nne ni fentanili. Hii ni dawa kali ya jamii ya mofini, inayoingia mwilini kupitia ngozi kwa saa 72, na mara nyingi imo nyumbani kwa sababu bibi au babu ana saratani. Haipewi mtu ambaye mwili wake haujazoea dawa za jamii hiyo. Kijana akiazimwa moja "ajaribu usiku mmoja", pumzi inaweza kupungua akiwa usingizini hadi ikakoma. Mwaka 2012 mamlaka hiyohiyo ya Marekani ilipitia matukio 26 ya watoto waliokutana na plasta hizo kwa bahati mbaya katika miaka 15: kumi walikufa, na 16 kati ya hao 26 walikuwa na umri wa miaka miwili au chini yake. Wengine huokota iliyotumika, na nyingine hubanduka kwa mgonjwa zikamgandia mtoto aliyelala naye kitandani. Kwa hiyo kabla ya kubandika chochote, someni jina la dawa kwenye pakiti, si jina la biashara wala picha ya mtu aliyeshika mgongo.

Sasa lidokaini. Mshipa wa fahamu ulioumia hufyatua ishara za maumivu ovyo bila kuguswa, kwa sababu milango midogo ya chumvi ya sodiamu kwenye nyuzi zake imekuwa mingi na haitulii. Lidokaini huziba milango hiyo. Kiasi kinachopita kwenye ngozi ni kidogo kiasi kwamba sehemu haifi ganzi kama inavyokufa kwa sindano ya meno. Kijana bado atahisi kuguswa, ila ule moto na zile shoti hupungua. Faida nyingine watu huisahau: plasta yenyewe huikinga ngozi isisuguliwe na soksi, sketi au mkanda wa begi.

Dawa hii ilipata kibali Marekani mwaka 1999 kwa ajili ya maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi kwa watu wazima. Kwa walio chini ya miaka 18 matumizi yake yako nje ya kibali. Hilo halina maana kwamba ni marufuku. Maana yake ni kwamba daktari anayeiandika anabeba jukumu la uamuzi huo, na mzazi anapaswa kuelezwa hivyo waziwazi. Ushahidi kwa vijana ni haba. Nchini Ufaransa plasta hii iliwahi kujaribiwa kwa watoto na vijana wenye maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu, na wenye selimundu (siko seli), wengine walipata nafuu, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hatuwezi kuahidi zaidi ya hapo. Tunaipenda kwa sababu nyingine: haimlevyi kijana darasani na haimfungi choo.

Lakini inamfaa nani? Mpe kijana kalamu achore mpaka wa maumivu juu ya ngozi yake. Akiweza kuchora eneo lenye mwanzo na mwisho, mathalani ukanda wa kovu la upasuaji, ubavu mmoja, au sehemu ya kigutu baada ya mguu kukatwa kwa ajali ya bodaboda, plasta ina nafasi. Kisha gusa kwa pamba na kwa ncha ya kijiti cha meno, ukianzia upande mzima ili ajue hali ya kawaida ikoje. Sikiliza maneno yake: inawaka, inachoma kama sindano, inapiga shoti, wadudu wanatembea, pamekufa ganzi lakini panauma. Haya ni maneno ya mshipa wa fahamu. Anayesema "panagonga" au "pamekaza" mara nyingi ana tatizo la msuli au kiungo, na hapo plasta hii itamla fedha bure.

Miguu yote miwili ikiwaka kuanzia nyayo kupanda juu kama soksi, acheni habari ya plasta kwanza. Mwili mzima unasema kitu. Je, anatumia isoniazidi ya kifua kikuu bila vitamini B6? Alitibiwa saratani kwa vinkristini? Ana VVU, sukari, upungufu wa vitamini B12? Kuna pia kijana mwenye baka la ngozi lililopauka na kupoteza hisia, ambalo linaweza kuwa ukoma. Ngozi isiyohisi haibandikwi kitu, maana ikiungua mwenyewe hatajua. Na goti linalouma usiku likiwa limevimba kwa kijana anayekua lipigwe picha ya eksirei kabla ya yote, kwa kuwa saratani ya mfupa hupenda umri huo na mahali hapo. Maumivu ya mgongo yenye homa, kukonda, miguu kulegea au mkojo kukataa ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Selimundu tuitaje peke yake kwa sababu wagonjwa wake ni wengi hapa nchini. Kijana mwenye ugonjwa huu anaweza kuwa na maumivu sugu yenye sura ya neva katika sehemu moja, na plasta inaweza kumsaidia siku za kawaida. Shambulio la maumivu ni jambo jingine. Hilo linahitaji maji, dawa ya maumivu ya kutosha na hospitali, na akiwa na homa, kifua kuuma, kushindwa kupumua, udhaifu wa upande mmoja au uume kusimama bila kulala, hakuna kusubiri. Tena msimwekee barafu. Baridi inaweza kuchochea shambulio.

Tuje kwenye kubandika kwenyewe, maana hapa ndipo dawa nzuri huharibiwa. Plasta moja nzima ina sentimita 10 kwa 14 na imebeba miligramu 700 za lidokaini. Mtu mzima haruhusiwi kuzidisha tatu kwa wakati mmoja. Kijana huanza na kipande kinachotosha eneo alilolichora tu, mara nyingi robo au nusu, kwa sababu hakuna kipimo kilichothibitishwa kwa uzito wake. Kata kwa mkasi kabla ya kubandua utando wa juu ya gundi. Ukiubandua kwanza, gundi hujikunja na kujishika yenyewe. Kipande kinachobaki kirudi kwenye pakiti yake na mdomo ufungwe vizuri, maana gundi hii ina maji ndani yake na hewa huikausha. Pakiti isikae kwenye bati la dirisha wala juu ya friji yenye joto. Kabati la ndani lenye kivuli linatosha.

Ngozi iwe nzima. Kidonda, upele uliokwaruzwa, malengelenge au kovu la moto ambalo halijafunga huacha dawa ipite kwa wingi kwenda kwenye damu. Nywele zipunguzwe kwa mkasi, si wembe, kwa kuwa wembe huacha michubuko isiyoonekana. Baada ya kuoga msimpake kijana mafuta mahali pale. Hili ndilo kosa tunalokutana nalo kuliko yote: mzazi anarudi akilalamika plasta ni feki haishiki, kumbe ngozi imepakwa vaselini au mafuta ya nazi kila asubuhi. Oga, futa, subiri ngozi ipoe na ikauke kabisa, bandika, kandamiza kwa kiganja sekunde 30 hivi, kisha nawa mikono kabla ya kugusa macho. Kwa joto la Pwani jasho litailegeza tu. Izungushieni bandeji nyepesi ya shashi. Nailoni hapana, kwa sababu hufungia joto na joto huongeza kasi ya dawa kuingia. Kwa sababu hiyohiyo hakuna chupa ya maji moto juu yake, wala kulala ukiiegemeza kwenye jua.

Inakaa mwilini kwa muda wa saa 12, kisha ngozi inapumzika kwa muda wa saa 12. Saa za mapumziko huiacha ngozi ipumue na kuzuia dawa isilimbikizane. Zipangwe kufuata maumivu ya kijana mwenyewe. Anayeteswa na soksi na viatu abandike saa 12 asubuhi atoe saa 12 jioni. Anayekosa usingizi abandike saa 1 usiku baada ya kuoga, atoe saa 1 asubuhi. Akisahau kuitoa, aitoe anapokumbuka na aanze kuhesabu saa 12 za kupumzika hapo. Asibandike mpya kufidia iliyodondoka akabaki na mbili. Mwenye mguu bandia asiivae ndani ya soketi, yaani sehemu ya mguu huo inayopokea kigutu. Pale ndani kuna joto, jasho na msuguano, na ngozi ya kigutu ikichubuka atakaa wiki kadhaa bila kutembea. Yeye aitumie usiku, na fundi wa mguu aangalie kama soketi inambana mahali mshipa uliokatwa umefanya kinundu.

Wekundu kidogo na muwasho ni wa kawaida na hupotea muda mfupi baada ya kuitoa. Malengelenge au kuungua si kawaida: itoeni, osheni kwa maji, msirudishe. Kizunguzungu, masikio kuvuma, midomo kufa ganzi, kusinzia kusiko kwa kawaida au mapigo ya moyo kwenda ovyo vinaonyesha dawa imezidi kwenye damu. Toeni plasta na muwahi hospitali. Midomo na kucha kugeuka rangi ya bluu ni dharura pia. Hutokea kwa nadra, pale damu inaposhindwa kubeba oksijeni kama inavyopaswa, na hatari huongezeka kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD au anayetumia dapsoni, primakwini, klorokwini au dawa za salfa kama Septrin. Vijana wengi wanaoishi na VVU wanatumia Septrin, kwa hiyo mtajieni mfamasia dawa zote, hata zile ambazo kijana hapendi zitajwe mbele ya watu. Ombeni mzungumze pembeni. Mwenye ugonjwa wa ini, wa moyo au aliyewahi kudhurika na dawa za ganzi aseme mapema.

Iliyotumika si takataka ya kawaida. Katika ile nzima huingia mwilini asilimia 3 hivi tu ya dawa. Zaidi ya miligramu 660 zimebaki kwenye kitu chenye ukubwa wa kiganja ambacho mdogo wake wa miaka miwili anaweza kukitafuna, na kiasi hicho kinaweza kumletea degedege na kuvuruga moyo. Ikunjwe gundi kwa gundi, iingizwe kwenye kopo lenye kifuniko, na kopo liwekwe juu mbali na watoto hadi litakapopelekwa panapostahili. Shimo la taka lililo wazi uani halifai.

Kuhusu muda: jaribio moja ni wiki mbili hadi nne. Kila jioni kijana aandike kwenye daftari alama ya maumivu kutoka 0 hadi 10, saa alizolala na kama alikwenda shule. Tunasisitiza mambo mawili ya mwisho kuliko namba. Kijana aliyeshuka kutoka 8 hadi 6 lakini amerudi darasani siku tano amepona zaidi ya aliyeshuka hadi 4 akiwa kitandani. Wiki nne zikiisha bila badiliko, dawa iachwe. Kuendelea kununua kwa matumaini ni kumlipisha mzazi ada ya bure. Ikiwa imesaidia, baada ya miezi michache wapunguze ukubwa au siku waone kama bado inahitajika.

Wala plasta haisimami peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kuhusu maumivu sugu ya watoto unataka mambo matatu yaangaliwe kwa pamoja: mazoezi ya mwili, msaada wa kisaikolojia na dawa. Chukueni mfano wa binti wa miaka 13 aliyeteguka kifundo cha mguu, kikapona kwenye picha, lakini mguu ukabaki umevimba, unabadilika rangi, unatoka jasho na hauwezi kuguswa. Wengi huambiwa wapumzike, wengine hufungwa plasta ngumu ya mfupa uliovunjika (POP) tena na tena, na kila wiki ya kutotembea huuzidisha ugonjwa. Mtoto wa namna hii anahitaji kuuzoesha mguu kidogo kidogo: aushike kwa pamba, kisha kwa taulo, kisha auingize kwenye maji vuguvugu, akanyage mchanga, asimame dakika mbili, kesho tatu. Plasta ya lidokaini inapata kazi yake hapo, kubandikwa ili mazoezi yavumilike. Inauma kuona binti kama huyo akiambiwa anajisingizia au karogwa. Haigizi. Maumivu haya yapo hata kama picha ni safi.

Ambapo eneo ni kubwa au plasta haipatikani, daktari anaweza kuandika amitriptilini ya kipimo kidogo usiku, kwa kawaida kuanzia miligramu 10 kwa kijana mkubwa, au gabapentini. Amitriptilini hukausha mdomo na kuleta usingizi asubuhi. Kubwa zaidi, mzazi aishike mwenyewe na kuifungia, kwani ikizidishwa huua, na kijana aliyechoshwa na maumivu anaweza kukata tamaa. Amwangalie kijana kama ana huzuni au mawazo mazito, hasa wiki za mwanzo, amwulize bila kuzunguka kama anawaza kujidhuru.

Kwa wenzetu wanaoandika vyeti vya dawa tuna ombi. "Plasta ya maumivu x 10" si cheti. Muuza duka atatoa aliyonayo, na mara nyingi ni ile ya kuchua. Andikeni hivi: lidokaini asilimia 5, nusu plasta, ubavu wa kulia chini ya kovu, saa 12 kwenye mwili, saa 12 bila, siku 14, arudi na daftari. Na kwa kuwa maelezo yaliyomo ndani ya pakiti mara nyingi yako kwa lugha ambayo mzazi haisomi, tunaiomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iwatake waagizaji waweke karatasi ya Kiswahili yenye mambo haya machache ndani ya kila pakiti.

Kwa kijana wa bweni, nakala ya cheti iende kwa matroni au patroni pamoja na kopo la kutupia. Mlezi huyo ajue kwamba plasta ile si ya kuwagawia wachezaji wa mpira walioteguka, na kwamba kijana anaporudi kutoka uwanjani kwenye jua anaruhusiwa kukaa kivulini kwanza ngozi ipoe ndipo abandike.

Wafamasia, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia,
Dar es Salaam